Kutambua Mabaki ya Vyombo vya Kuteremsha Majeshi: Ushahidi wa Kihistoria Chini ya Maji

MADA: Vyanzo vya historia na namna ya kuvipima
MADA NDOGO: Akiolojia ya chini ya maji

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, uweze:
(a) kueleza chombo cha kuteremsha majeshi ni nini na kilitofautianaje na meli ya kawaida;
(b) kutaja hatua za kutambua mabaki ya chombo kilichozama;
(c) kutofautisha ushahidi, dhana na hitimisho;
(d) kujibu swali la mtihani kwa kuunganisha chanzo cha vitu na chanzo cha maandishi.

Utangulizi

Mwishoni mwa Januari 1943 chombo cha kivita cha Uingereza, LCT 326, kilikuwa safarini kutoka Troon, Uskoti, kwenda Appledore, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ndani yake mlikuwa na mabaharia 14. Hakikufika. Hakuna aliyerudi kusimulia. Kwa miaka zaidi ya 70 iliaminika kwamba kilizama upande wa kisiwa cha Man. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walitangaza kwamba wamekitambua, nacho kimelala mbali kusini mwa hapo, katika maji yaliyo nje ya kisiwa cha Bardsey.

Jiulize: walijuaje kwamba chuma kile kilichooza ni LCT 326 na si chombo kingine? Swali hilo ndilo kiini cha somo letu. Mtahini naye hupenda kuuliza hivyohivyo: si "nini kilitokea" tu, bali "tumejuaje".

Chombo cha kuteremsha majeshi ni nini?

Meli ya kawaida huhitaji bandari. Ina mkuku unaoingia majini kwa kina, hivyo haiwezi kusogea hadi mchangani. Katika Vita vya Pili vya Dunia (1939–1945) majeshi yalihitaji kushuka kwenye fukwe zisizo na gati, mara nyingi chini ya risasi za adui. Ndipo vikaundwa vyombo vyenye sifa nne:

1. Tako bapa, ili kiweze kupanda mchangani.
2. Lango la mbele, yaani upande wa omo, linaloangushwa kama daraja ili watu na magari watoke.
3. Uwanja mpana wa kubebea shehena, usiogawanywa kwa kuta nyingi.
4. Katika vyombo vikubwa, nanga upande wa nyuma, yaani tezi. Nanga hiyo iliangushwa kabla ya kufika ufukweni, kisha ikatumika kukivuta chombo kirudi majini.

Vyombo hivi vilitumika katika kisiwa cha Sicily mwaka 1943, katika visiwa vya Pasifiki, na Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika habari hii. Mei 1942 Waingereza walishuka kwa vyombo vya aina hii karibu na Diego Suarez, Madagaska. Septemba mwaka huohuo brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR ambao wazee wetu waliwaita Keya, ilishuka Majunga na kusonga kuelekea Antananarivo.

Aina kuu na vipimo vyake

Jifunze jedwali hili vizuri. Vipimo ni vya kukadiria, lakini vinatosha kutenganisha aina moja na nyingine.

| Aina | Urefu | Upana | Mwili | Rafadha |
|---|---|---|---|---|
| LCVP (mashua ya Higgins, Marekani) | m 11 | m 3.3 | mbao, lango la chuma | 1 |
| LCA (Uingereza) | m 12.6 | m 3 | mbao zilizofunikwa mabamba ya chuma | 2 |
| LCM toleo la 3 (Marekani) | m 15 | m 4.3 | chuma | 2 |
| LCT toleo la 5 (Marekani) | m 36 | m 10 | chuma | 3 |
| LCT toleo la 4 (Uingereza) | m 57 | m 11.8 | chuma | 2 |
| LCT toleo la 3 (Uingereza) | m 58 | m 9.4 | chuma | 2 |
| LST (meli kubwa ya vifaru) | m 100 | m 15 | chuma | 2 |

Tazama safu ya urefu. LCT toleo la 3 na la 4 zinatofautiana kwa mita moja tu. Meli iliyokaa chumvini miaka 80 hubomoka kingo zake, hivyo mita moja si kitu cha kutegemea. Rafadha nazo ni mbili kwa kila moja. Kinachozitenganisha ni upana: zaidi ya mita mbili. Mwanafunzi anayepima urefu peke yake atakosea hapa. LST nayo hutambulika kwa omo yake: ina milango miwili inayofunguka kushoto na kulia, na nyuma ya milango hiyo ndipo lilipo daraja la kushukia.

Hatua za utambuzi

*Hatua ya 1: Kupata umbo na vipimo.* Watafiti hutumia sona, chombo kinachotuma mawimbi ya sauti hadi sakafu ya bahari na kupima muda wa mwangwi kurudi. Maelfu ya vipimo hivyo huchora picha ya kitu kilicholala chini. Urefu, upana na umbo la omo hupatikana hata pale ambapo maji ni meusi au kina ni kirefu mno kwa mpiga mbizi.

*Hatua ya 2: Kutaja aina.* Vipimo hulinganishwa na michoro ya waundaji. Pia hulinganishwa na chombo kilichosalia kizima. Mfano ni LCT 7074, toleo la 3, iliyobeba vifaru kumi kwenda Normandy mwaka 1944. Yenyewe ilizama katika gati la Birkenhead, ikaopolewa mwaka 2014, ikakarabatiwa, na tangu 2020 imewekwa kwenye jumba la makumbusho huko Portsmouth.

*Hatua ya 3: Kutafuta alama za pekee.* Aina haikupi jina. Mashua za LCVP peke yake ziliundwa zaidi ya 20,000. Hapa hutafutwa namba iliyoandikwa ubavuni, shehena, silaha, matengenezo yasiyo ya kawaida, na namna chombo kilivyovunjika.

*Hatua ya 4: Kurejea kwenye maandishi.* Mtafiti husoma orodha ya vyombo vilivyopotea, daftari za safari za meli zilizokuwa jirani, amri za safari na orodha za shehena.

*Hatua ya 5: Kuondoa wasiohusika.* Kila chombo cha aina ileile kilichopotea eneo lile huwekwa mezani. Kisichoafiki vipimo, shehena au tarehe huondolewa. Anayebaki peke yake ndiye anayetajwa, na sababu zake huandikwa.

Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtafiti naye atazunguka maktaba zote, lakini lazima arudi kwenye chombo chenyewe na kuuliza kama maandishi yanakubaliana na chuma.

Mfano wa 1: Maandishi yanaposahihishana (LCT 326)

Picha za sona zilionyesha mabaki yenye vipimo vya LCT toleo la 3. Yalikuwa yamekatika vipande viwili, omo na tezi vikiwa vimetengana kwa zaidi ya mita 100. Hiyo ni aina. Jina je?

Watafiti walirejea kwenye nyaraka. LCT 326 ilikuwa katika msafara uliosindikizwa na meli ya kivita Cotillion. Daftari la safari la meli hiyo lilionyesha kwamba tarehe 31 Januari 1943 LCT 326 ilikuwa bado inaonekana, na msafara ulikuwa umekwisha kufika upande wa Bardsey. Kama ilionekana hapo, haikuweza kuwa imezama kabla yake, karibu na kisiwa cha Man. Aina, mahali na tarehe vikakubaliana.

Zingatia jambo moja. Kulikuwa na maandishi mawili yaliyopingana: dhana iliyoandikwa baadaye kuhusu mahali ilipozama, na daftari la meli iliyokuwa palepale. Mwanahistoria hulipa uzito zaidi andiko la shahidi aliyekuwepo, lililoandikwa wakati wa tukio. Kisha mabaki yenyewe yakawa shahidi wa tatu.

Mfano wa 2: Shehena huku, chombo kule (LCT 2428)

Nje ya Selsey, pwani ya kusini ya Uingereza, katika kina cha mita kama 20, wapiga mbizi walifahamu mahali penye vifaru viwili na buldoza mbili za kivita. Kilomita kadhaa kutoka hapo palikuwa na mabaki ya chombo cha kuteremsha majeshi. Vifaru havina meli, meli haina vifaru. Je, ni tukio moja au mawili?

Klabu ya wapiga mbizi ya Southsea ililichunguza jambo hili. Vifaru vilikuwa aina ya Centaur yenye mzinga mfupi wa milimita 95, aina iliyotumiwa na kikosi cha askari wa majini wa Uingereza siku ya Normandy. Vifaru hivyo vilisafirishwa kwa LCT toleo la 5 zilizoongezewa mabamba ya kinga. Nyaraka zikaeleza kilichobaki. LCT 2428 iling'oa nanga jioni ya tarehe 5 Juni 1944, ikapata hitilafu, ikaanza kukokotwa na meli ya kuvuta Jaunty kurudi bandarini. Njiani iliingia maji, ikapinduka, shehena ikamwagika. Chombo kilichopinduka kiliendelea kuelea, kikawa hatari kwa meli nyingine, na Jaunty ikakipiga mizinga mpaka kikazama. Mabaharia waliokolewa.

Sasa fumbo limefumbuka. Vifaru vilianguka pale chombo kilipopinduka. Chombo kilizama baadaye, kwingine. Umbali ule, uliokuwa unafanya tukio lionekane kuwa mawili, umegeuka kuwa ushahidi kwamba ni moja.

Mfano wa 3: Namba iliyobaki, na hatari ya kutazama mahali (mashua 31-17)

Mwaka 2021 maji ya ziwa Shasta, California, yalipopungua kwa ukame, ilionekana mashua ya Higgins. Kwenye lango lake ilisomeka namba 31-17. Namba ya kwanza ni ya meli mama, ya pili ni ya mashua. Meli mama ilikuwa USS Monrovia, iliyobeba makao ya Jenerali Patton wakati wa uvamizi wa Sicily mwaka 1943 na baadaye ikashiriki katika mapigano ya Tarawa, Pasifiki.

Angekuja mtu akasema, "Imekutwa California, basi ni ya mazoezi ya California," angekuwa amekosea kabisa. Baada ya vita vyombo vingi viliuzwa na kugeuzwa kuwa feri au matishari. Hata LCT 7074 uliyoisoma hapo juu iligeuzwa kuwa klabu ya starehe. Kwa hiyo mahali chombo kilipokutwa ni dokezo tu. Halithibitishi kwamba kilizama vitani, wala kwamba kilitumika hapo.

Kwa nini utambuzi uwe wa makini?

Kwanza, mabaki mengi ni makaburi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Aprili 1944, wakati wa mazoezi ya Normandy katika ghuba ya Lyme, Uingereza, boti za Wajerumani zilizamisha meli LST 507 na LST 531. Waliokufa katika shambulio hilo hutajwa kuwa 749. Kulipa kaburi jina lisilo lake ni kuiambia familia moja uongo na kuinyima nyingine ukweli. Mabaharia 14 wa LCT 326 walikuwa na wazazi, wake na watoto, ambao wengi wao walizeeka na kufa bila kujua mpendwa wao amelala wapi.

Pili, ni suala la sheria. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya meli na ndege za kijeshi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unalinda urithi wa kitamaduni uliokaa chini ya maji kwa angalau miaka 100. Piga hesabu: chombo kilichozama mwaka 1943 kitafikisha umri huo mwaka 2043. Kabla ya hapo, ulinzi wake hutegemea sana sheria za nchi, na sheria haiwezi kulinda vizuri kitu kisichojulikana ni nini.

Tatu, ni usalama. Shehena ya vita ni pamoja na risasi na mabomu. Kujua chombo ni kipi ni kujua kilibeba nini.

Makosa ya kawaida ya watahiniwa

- Kuandika "sona ilithibitisha jina la meli." Sona hutoa umbo na vipimo. Jina hutoka katika kuunganisha vipimo na maandishi.
- Kutumia kipimo kimoja. Taja angalau viwili, na ueleze kwa nini kimoja hakitoshi.
- Kuchanganya aina na jina. "LCT toleo la 3" ni aina; "LCT 326" ni jina.
- Kuamini kila andiko la serikali. Nalo hupimwa: nani aliandika, lini, na alikuwepo?
- Kuandika "bila shaka" pale ushahidi unaporuhusu "huenda." Mtahini hukupa alama kwa uangalifu wako, hakunyimi.

Maswali ya kujipima

1. Taja sifa tatu zinazokitofautisha chombo cha kuteremsha majeshi na meli ya kawaida. (alama 3)

2. Tuseme sona imeonyesha mabaki ya chuma yenye urefu wa mita 35 na upana wa mita 10. Mpiga mbizi ameona rafadha tatu, lakini hakuna namba.
 (a) Ni chombo cha aina gani? Toa sababu mbili. (alama 3)
 (b) Mwenzako anasema, "Kwa kuwa kimekutwa pwani ya Ufaransa, kilizamishwa siku ya Normandy." Mjibu. (alama 3)
 (c) Taja nyaraka mbili ambazo ungezitafuta ili upate jina lake, na useme kila moja ingekusaidiaje. (alama 4)

3. "Mabaki ya meli ni chanzo bora kuliko maandishi." Jadili kwa kutumia mifano ya LCT 326 na LCT 2428. (alama 12)

Mwongozo wa majibu

1. Zozote tatu: tako bapa, lango la omo linaloanguka, uwanja wazi wa shehena, nanga ya tezi.

2. (a) LCT toleo la 5. Vipimo vyake vinakaribia mita 36 kwa 10, na ndiyo pekee katika jedwali yenye rafadha tatu. Ukitaja kipimo kimoja tu, utapata alama 2.
 (b) Mahali si uthibitisho. Huenda chombo kilizama kwa dhoruba siku nyingine, au kiliuzwa baada ya vita na kuzama kikifanya kazi ya kiraia. Hitimisho la mwenzako linahitaji tarehe, na mabaki hayajatoa tarehe.
 (c) Orodha ya vyombo vilivyopotea ingeonyesha LCT toleo la 5 zilizozama eneo hilo. Daftari la safari la meli iliyokuwa karibu lingeonyesha mahali na saa chombo kilipoonekana mara ya mwisho. Orodha ya shehena nayo inakubalika, ukieleza kwamba italinganishwa na vitu vilivyoonekana chini.

3. Jibu zuri halichagui upande upesi. Onyesha kwamba katika LCT 326 mabaki yalisahihisha dhana iliyoandikwa, lakini yasingepata jina bila daftari la Cotillion. Onyesha kwamba katika LCT 2428 mabaki peke yake yangeweza kutupotosha, kwa kuwa chombo na shehena vilikuwa mbalimbali. Maandishi ndiyo yaliyoviunganisha. Hitimisha kwamba vyanzo hivi viwili hukaguana. Alama 4 kwa kila mfano ulioelezwa kwa ushahidi, alama 2 kwa hitimisho, alama 2 kwa mpangilio na lugha.

Kumbuka kwa ufupi

Pima umbo. Taja aina. Tafuta alama. Soma maandishi. Ondoa wasiohusika. Ukiruka hatua moja, ulichonacho bado ni dhana, hata kama kimeandikwa kwa wino mweusi kwenye karatasi ya mtihani.